Mtetemo wa Maili Ishirini na Nane

Land Rover ya zahanati ilipandishwa inchi nne, na kwa siku mbili hakuna aliyepita karibu na uwanja wa Tahiru, upande wa Wanubi mjini Arua, bila kusimama. Gari lilikuwa lile lile, la kijani, mlango wa kushoto umebonyea, lakini sasa lilisimama kama mnyama aliyenyanyuka baada ya kulala miaka. Mbuzi wa jirani alijaribu kupita chini yake, akapita. Mzee mmoja aliyetoka msikitini alilizunguka mara tatu, akapima kwa fimbo yake kutoka ardhini hadi kwenye tumbo la chuma, akasema, "Subhanallah. Mtu ameliongezea gari miguu."

Sadiya, mke wa Tahiru, aliyasikia hayo akiwa barazani, akisuka tabaga, lile kawa la rangi nyingi ambalo Wanubi hufunikia chakula. Mkono wake ulisuka haraka zaidi.

Barabara ya Koboko ilikuwa imechimbwa na malori ya jeshi. Katika bonde moja mifereji ya magurudumu ilikuwa na kina cha goti, na Land Rover ya zahanati ilikuwa ikilalia tumbo lake pale, magurudumu yakizunguka bure. Duka la vipuri lilikuwa limefungwa tangu Wahindi walipoondoka mwaka uliotangulia. Tahiru alitoa bapa za springi kwenye lori bovu lililokuwa likioza Vurra, kwenye mpaka wa Kongo, akazikata, akazipinda motoni, akazizamisha katika mafuta machafu, akazilinganisha kwa uzi. Kabla ya kukata chuma chochote alikuwa amekwenda bondeni mwenyewe kupima kina cha mifereji kwa fito. Inchi nne zingetosha, na zilitosha.

Marehemu baba yake alikuwa sajini fundi katika KAR, jeshi la Waingereza, na kutoka kwake uwanja ule ulirithi sheria moja: kitu kikitolewa kwenye gari hakirudi mpaka kimeoshwa kwa mafuta ya taa, kimekaushwa na kupakwa rangi, kana kwamba afisa atakuja kukagua asubuhi. Afisa hajaja tangu Waingereza waondoke. Sheria ilibaki. Tahiru alifungua na kufunga. Sadiya, ambaye baba yake alitunza stoo ya kikosi hicho hicho, aliosha na kupaka. Watu wa Arua walisema gari likitoka kwa Tahiru unaweza kulia chakula chini yake.

Jumatatu Fabiano, dereva wa zahanati, Mkakwa wa Koboko mwenye mdomo usiopumzika, alikuja kulichukua. Alitazama juu, akashika kiuno.

"Fundi, hii ni gari ama ni ghorofa? Wagonjwa yangu itapanda na ngazi?"

"Wewe endesha. Ngazi utaitengeneza mwenyewe," alijibu Tahiru, na watu wakacheka.

Jumanne alasiri Fabiano alirudi, na hakuwa peke yake. Pembeni yake alikaa Sista Candiru, mkunga wa zahanati ile iliyo mbele ya Koboko, karibu na mpaka wa Sudan. Fabiano alizima injini, akakaa kidogo akiwa ameshika usukani.

"Fundi," alisema, "gari yako iko na homa."

"Homa gani?"

"Homa ya kutetemeka. Maili ishirini na tano, iko sawa. Ishirini na saba, sawa. Ikifika ishirini na nane, huku chini inaanza kunguruma, kiti inapiga mutu, kioo ya kuangalia nyuma inaonyesha barabara mbili. Kila ukiongeza mwendo, yenyewe inaongeza."

"Umekaza nati za magurudumu?"

"Nimekaza." Fabiano aliangalia mikono yake. "Fundi, Rehemah alikuwa ndani."

Sadiya alisimama barazani.

Rehemah alikuwa binti yao wa pekee aliyebaki hai. Aliolewa Koboko, mumewe alikuwa kambini mbali, na sasa mimba yake ilikuwa ya miezi minane. Sista Candiru alimshika Sadiya mkono, akampeleka nyuma ya nyumba, penye majiko. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu wa maneno.

"Mama Rehemah, damu ilikuja tena. Kidogo, lakini ilikuja. Sasa mara ya tatu. Kondo ya nyuma imekaa chini, imeziba mlango. Mtoto hawezi kupita hapo. Lazima alale hospitali hapa Arua, angoje kupasuliwa."

"Basi si mngemleta leo leo?"

"Nilimuleta. Tulitoka asubuhi. Hatujafika hata maili tatu, gari ikatetemeka, damu ikaanza. Nikamurudisha kwa zahanati, nikamulaza, ikasimama." Sista akasema polepole, kama mtu anayesoma hesabu aliyokwisha kuihakiki: "Mwanamke wa namna hii akitikiswa sana, inakuja ile damu haizuiliki. Na mimi kule niko na pamba na maji ya moto peke yake."

Walirudi mbele. Tahiru alikuwa tayari chini ya gari, miguu nje.

"Si muende polepole?" aliuliza Sadiya. "Ishirini na tano. Umesema ishirini na tano hakuna kitu."

Fabiano alitikisa kichwa. "Mama, ile barabara ni bati. Murami, ile udongo nyekundu, imekunjana kama bati ya nyumba, maili kwa maili. Ukienda polepole unahesabu kila kunyanzi na mgongo yako. Mpaka upite thelathini ndiyo gari inaruka juu ya kunyanzi, inakuwa kama iko kwa maji. Sasa chini ya ishirini na nane barabara inamutikisa, juu ya ishirini na nane gari inamutikisa."

"Lishushe basi," Sadiya alimwambia mumewe aliyekuwa chini. "Rudisha springi za zamani."

Sauti ya Tahiru ilitoka kwenye chuma. "Likishuka litakaa bondeni. Mvua imenyesha siku tisa. Mtamvuta kwa kamba?"

Sista Candiru aliangalia saa iliyobandikwa kifuani kwake.

"Fundi Tahiru, gari nakuachia. Mimi nitarudi na lori ya tumbaku. Ijumaa asubuhi Fabiano atakuja kuchukua. Itetemeke, isitetemeke, Ijumaa namuleta, maana siku ya kungoja hana." Akafunga mkoba wake. "Petroli iko ya kwenda na kurudi mara moja tu. Usiende kujaribu-jaribu nayo."

*

Jumatano Tahiru alifanya kazi kama mtu anayefunga milango mmoja mmoja ili ajue mwizi yuko chumba gani. Alifyonza nusu galoni kutoka kwenye pikipiki yake, akaitumia kwa majaribio, akipimia kijiko kwa kijiko. Alibadilisha magurudumu ya mbele na ya nyuma. Mtetemo ukabaki. Akatoa propela ya mbele, lile bomba la chuma linalopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu ya mbele, akaendesha bila hiyo. Mtetemo ukabaki. Basi mwizi alikuwa nyuma: ama difu, lile boksi la gia katikati ya ekseli, ama propela ya nyuma.

Habari zilikuwa zimekwisha kufika sokoni. Wale wale waliolisifu gari juzi sasa walikuja na ushauri.

"Gari Mungu ameiumba na urefu yake," alisema muuza nyama mmoja, akiegemea uzio. "Wewe unaongeza. Unafikiri itanyamaza?"

"Gari imeumbwa na Waingereza," alisema Tahiru.

"Basi na hao pia walijua urefu."

Mwingine alishauri kabari. Kwa kuwa gari limepanda, alisema, difu sasa inatazama mbele wakati gia boksi iko juu. Inatakiwa difu iinue uso, itazame gia boksi, propela inyooke. Ilisikika kama akili. Tahiru alikata kabari mbili za chuma, akazipachika kati ya springi na ekseli, difu ikainua uso. Alikwenda mpaka uwanja wa ndege na kurudi. Aliposhuka, mashavu yake yalikuwa yanacheza bado.

"Sasa linaanza ishirini na mbili," alisema.

Sadiya alimletea chai. Aliishika, akaiweka chini bila kuinywa.

"Baba Rehemah."

"Najua."

"Sijasema kitu."

"Najua unachotaka kusema. Kwamba nililipima bonde kwa fito, na sikulipima lile linalozunguka." Alijifuta uso. "Miaka ishirini na sita nimekaa chini ya magari. Leo muuza nyama ananifundisha."

*

Alhamisi baada ya swala ya alfajiri Tahiru alifungua propela ya nyuma, akailaza barazani, akapanda baiskeli kwenda Vurra kutafuta nyingine kwa wafanyabiashara wa upande wa Kongo. Kabla ya kuondoka alisema neno moja, na alilisema kwa mazoea tu: "Ioshe."

Sadiya aliketi kwenye mkeka na debe la mafuta ya taa. Propela ilikuwa nzito kama mtoto wa miaka mitatu. Alikuwa ameiosha wiki iliyopita, akaipaka nyeusi mikono miwili, na alikuwa ameona fahari kwa jinsi ilivyong'aa. Aliinua ncha moja akaiweka mapajani. Kila ncha ilikuwa na kiungo kinachopinda: uma mbili za chuma zinazoshikana katikati kwa msalaba mdogo, ili mwendo upite hata kama njia imekunjika. Sadiya alishika uma wa ncha ile, akaupinda pembeni kama kiwiko, akaanza kuuzungusha ili apate kuosha kila upande.

Kitu kilimfanya asimame.

Akazungusha tena, polepole. Mkono wake ulikwenda sawa, kwa hatua ile ile. Lakini bomba halikwenda sawa na mkono. Lilikimbia kidogo, likamtangulia, kisha likapunguza, likamngoja, likakimbia tena, likangoja tena. Katika mzunguko mmoja wa mkono wake, bomba lilikimbia mara mbili na kungoja mara mbili.

Alidhani ni macho. Akachukua bua la ukindu kutoka kwenye kikapu chake cha kusukia, akalifunga kwa uzi likitokeza kwenye uma, na jingine akalifunga likitokeza kwenye bomba, yote mawili yakielekea juu. Kwa kuwa mabua yalikuwa marefu, kosa dogo lilionekana kubwa. Akazungusha. Mabua yalianza pamoja kama watu wawili wanaotembea. Robo ya mzunguko, moja lilikuwa limemtangulia mwenzake kwa upana wa vidole viwili. Nusu ya mzunguko, yalikuwa pamoja tena.

Sadiya alijikuta amefungua mdomo. Alikuwa ameishi na magari tangu kuzaliwa. Aliyaosha, aliyalisha mafuta, aliyasikia yakija na kuondoka, na siku zote aliamini kwamba chuma kikizungushwa kinazunguka, basi. Kumbe ndani ya kila gari lililopita mbele ya nyumba yake, chuma kilikuwa kikiruka na kusita, kikiruka na kusita, maelfu ya mara kwa safari moja, na juu yake watu wamekaa wakizungumza. Alizungusha tena. Si kwamba alikuwa na shaka. Alitaka kuliona tu.

Kisha akili yake, iliyozoea kuhesabu mishono, ikauliza swali. Kama kila propela inaruka hivi, kwa nini kila gari halitetemeki?

Akaangalia ncha ya pili. Nayo ilikuwa na msalaba wake. Akaupinda nao pembeni, akafunga bua la tatu. Kama wa kwanza unakimbia, aliwaza, huenda wa pili unamvuta nyuma kwa kiasi kile kile. Kama washonaji wawili wenye makosa: mmoja anavuta uzi mno, mwenziwe anaulegeza mno, nguo inatoka sawa. Akazungusha, macho yakiwa kwenye bua la kwanza na la tatu. Hayakwenda sawa. La tatu liliruka vibaya kuliko la pili.

Hapo ndipo alipotazama uma mbili zilizochomelewa kwenye bomba lenyewe, moja kila mwisho. Ya huku ilikuwa imesimama wima. Ya kule ilikuwa imelalia upande. Hazikuelekea pamoja, zilikuwa kama imamu anayeelekea kibla na maamuma aliyegeukia dirishani.

Bomba halikuwa kipande kimoja. Katikati lilikuwa na meno, sehemu moja ikiingia ndani ya nyingine, ili lirefuke na kufupika gari likiruka. Tahiru alikuwa amelichomoa hapo wiki iliyopita, akampa vipande viwili avioshe, avipake. Yeye akamrudishia vipande viwili vinavyong'aa. Na mtu anayerudisha meno kwenye meno, yote yakiwa sawasawa, atajuaje lipi lilikuwa na lipi?

Sadiya alichovya kitambaa kwenye mafuta ya taa, akasugua kipande kimoja karibu na maungio. Rangi ilikuwa imeshika. Aliipaka yeye, naye hakuwa mtu wa kupaka vibaya. Akachukua kisu. Chini ya rangi nyeusi, chini ya rangi nyingine nyeusi, ikatokea alama iliyochongwa kiwandani: mshale mdogo, usiozidi kucha ya mtoto. Akasugua kipande cha pili. Mshale mwingine. Mishale miwili ilitakiwa itazamane. Katikati yake yalikuwamo meno mawili.

Aliketi na kisu mkononi. Muadhini aliadhini adhuhuri na Sadiya hakuinuka. Mwanangu, aliwaza, alitokwa damu kwa sababu nilipaka rangi vizuri.

*

Tahiru alirudi alasiri, matope mpaka kiunoni, bila propela. Vurra walimkalisha juani saa mbili, wakamwita "fundi ya mutetemo", wakamwonyesha propela ya lori lisilo aina yake, wakacheka alipoipima. Aliegemeza baiskeli ukutani. Alimwona mkewe bado yuko kwenye mkeka.

"Nimefanya kosa," alisema Sadiya, kabla hajavua viatu.

"Kosa gani?"

"Niliziba alama. Tazama."

Tahiru alipiga magoti. Alitazama mshale wa kwanza, akatazama wa pili. Alipitisha kidole kati yao, mara moja, polepole. Sadiya alingoja. Katika ndoa yao alikuwa ameogopa mambo kadhaa, na la leo lilikuwa mojawapo.

"Nani amekwambia kuna mishale?"

"Hakuna. Mabua." Akamwonyesha. Akapinda ncha mbili, akazungusha, na mabua matatu yakaanza kufukuzana. Tahiru alisogea karibu. Akamwambia azungushe tena. Kisha akachomoa propela katikati, akageuza meno mawili, akairudisha mishale ikitazamana. "Sasa."

Sadiya alizungusha. Bua la katikati liliruka na kusita kama mwanzo. Lakini la kwanza na la tatu, kila moja kwenye ncha yake, yalikwenda pamoja, hatua kwa hatua, mzunguko mzima, bila moja kumtangulia mwenzake hata unene wa unyasi.

Kuku alikuja, akatazama, akaondoka.

"Nilijua inatakiwa iwe sawa," alisema Tahiru mwishowe. "Baba alituambia, tazameni alama. Kwa nini, hakusema, na mimi sikumwuliza." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Miaka ishirini na sita, Sadiya. Sikuwahi kuiona ikifanya hivi."

"Lakini zamani mbona halikutetemeka? Umewahi kunipa propela nyingine nipake."

Alifikiri. "Gari la chini, propela imenyooka karibu. Kiungo hakipindi, kosa halionekani. Tukilipandisha, kila kiungo kinapinda zaidi, na kosa nalo linakua." Akajipiga paja. "Na zile kabari! Difu inatakiwa ilale vile vile gia boksi ilivyolala, ili pembe ya huku iwe sawa na ya kule. Mimi nikaiinua uso. Nikaua hata kidogo kilichobaki." Akasimama kwenda kuzitoa, kisha akasimama tena mlangoni.

"Rangi nilikwambia mimi upake."

"Mkono ulikuwa wangu."

"Na sheria ilikuwa ya baba yangu. Sasa tumlaumu marehemu?" Akainama kuchukua spana. "Lete nyundo. Na hiyo usiipake."

Propela ilirudi kwenye gari jioni ile ikiwa na mabaka, rangi imekwanguliwa, chuma kikionekana. Ilikuwa mara ya kwanza kitu kibaya kutoka katika uwanja ule.

*

Ijumaa Fabiano alikuja saa moja asubuhi. Alichungulia chini, akaona mabaka.

"Fundi, leo umekosa rangi?"

"Panda," alisema Tahiru. Petroli ya pikipiki ilikuwa imekwisha. Hakuna aliyelijaribu gari. Yeye mwenyewe hangekwenda, kwa kuwa nyuma palitakiwa godoro na watu watatu, na kila ratili ilikuwa na maana. Sadiya alipanda mbele.

Walipotoka mjini alitazama saa ya mwendo na hakutazama kitu kingine. Ishirini. Barabara ilianza kuwapiga, kunyanzi kwa kunyanzi, mpaka meno yakagongana. Ishirini na tano. Fabiano aliacha kuzungumza, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Ishirini na saba. Sadiya alishika ukingo wa kiti kwa mikono miwili. Sindano ilifika ishirini na nane, ikakaa hapo, kama mtu anayesita mlangoni.

Ikapita.

Thelathini. Thelathini na mbili. Na hapo lile alilolisema Fabiano likatokea: kunyanzi za barabara zikatoweka chini yao, gari likainuka likawa kama linaelea, na huku chini, mahali pale ambapo Sadiya alijua kwa yakini kwamba chuma kinaruka na kusita, kinaruka na kusita, hakukuja kitu. Injini ilinguruma, upepo ulipiga turubai, lakini sakafu chini ya nyayo zake ilitulia. Alivua kiatu kimoja akaweka unyayo wazi kwenye bati. Haukusikia ila joto.

"Mama," alisema Fabiano kwa sauti ya chini, kama wako msikitini. "Mama, nimepita."

"Nimeona."

"Iko wapi ile kitu?"

"Iko," alisema Sadiya. "Imekutana na mwenzake."

Fabiano alimtazama, akaamua kutouliza.

Kwenye zahanati ya mpakani walimkuta Rehemah tayari, amelazwa kwenye machela, uso wake mwembamba kuliko Sadiya alivyouona mara ya mwisho. Alipoona gari akageuza kichwa ukutani.

"Mama, hapana. Sipandi hilo."

"Baba yako amelitengeneza."

"Hata mara ya kwanza baba alilitengeneza."

Neno lile lilimchoma Sadiya, na lilikuwa kweli, kwa hiyo hakulipinga. Alikaa pembeni yake. "Nimekuja nalo mwenyewe, nimeketi ndani. Na nyuma nitakaa mimi. Likianza, nitagonga bati, Fabiano atasimama, tutakubeba kwa miguu mpaka Arua."

"Maili arobaini?"

"Hata kama."

Sista Candiru hakuingilia. Alimwekea Rehemah kitambaa cheupe kilichokunjwa mara nne, mahali ambapo damu ingeonekana ikija, akaandika saa kwenye daftari. Walimlaza Rehemah kwenye godoro, kichwa kwenye mapaja ya mama yake.

Uzito wa watu ulilishusha gari nyuma kidogo, na Sadiya aliliona hilo na kuliogopa, maana sasa alijua kwamba pembe zote zimebadilika. Bondeni maji yalikuwa yamejaa katika mifereji. Lori la tumbaku lilikuwa limekwama upande mmoja, wapakizi wake wamekaa juu ya magunia. Fabiano alitia gia nzito. Land Rover iliteremka, ikakanyaga mfereji kwa magurudumu yote, matope yakasikika yakipita chini ya tumbo lake bila kuligusa, ikapanda upande wa pili taratibu kama mtu anayepanda ngazi na mtungi kichwani. Wapakizi walisimama juu ya magunia kutazama. Mmoja alipiga makofi.

Juu ya kilima barabara ilinyooka. Kupitia dirisha dogo Sadiya hakuiona saa ya mwendo. Alisikia tu injini ikibadilisha sauti na kunyanzi zikianza, tra-tra-tra, haraka, haraka zaidi. Rehemah alimshika kifundo cha mkono, kucha zikaingia. Sista alikuwa amefumba macho, midomo yake ikicheza. Sadiya aliinua ngumi tayari kugonga bati.

Kunyanzi zikafifia. Zikaisha. Gari likaelea.

Ngumi ilikaa hewani muda mrefu kabla Sadiya hajaishusha. Vidole vya Rehemah vililegea kimoja kimoja. Miti ilikuwa ikikimbia kinyumenyume nje ya turubai, matope mekundu yakiruka nyuma ya magurudumu, na binti yake alikuwa amefumba macho.

"Mama," alisema Rehemah baada ya muda, bila kuyafumbua. "Tumesimama?"

*

Tahiru alikuwa kwenye lango la hospitali tangu swala ya Ijumaa ilipokwisha. Hakulikimbilia gari. Aliwapisha waliobeba machela, akaona uso wa binti yake umepita karibu naye, macho wazi, na binti akamwinulia kidole kimoja. Kisha milango ikafungwa, akabaki amesimama karibu na gurudumu la nyuma kama mtu asiye na kazi pale.

Sista Candiru alitoka kwanza. Alikwenda moja kwa moja kwa Sadiya, aliyekuwa ameketi kwenye ngazi za saruji. Alimpa kile kitambaa cheupe, kikiwa bado kimekunjwa mara nne.

Sadiya alikikunjua. Alikitazama karibu, kama anavyotazama mshono. Tahiru alikuja polepole, akasimama mbele yake. Mambo kama haya mwanamume hayaulizi wala hayatazami. Mama yake mwenyewe angemfukuza. Akanyoosha mkono.

Sadiya akampa.

Alikishika kwa vidole vyenye mafuta meusi kwenye mifereji ya ngozi, kwa uangalifu, asikichafue. Kilikuwa kikavu, cheupe, kutoka pindo hadi pindo. Akakigeuza, akatazama na upande wa pili.